Santuri Moja Iliyosalia

Katika chumba changu cha kusomea, juu ya kabati la vitabu, ipo gramafoni ya zamani ya kuzungusha kwa mkono. Ukiifunga inafanana na sanduku dogo la safari. Ilikuwa mali ya babu yangu wa Dongobesh, ambaye sisi wajukuu tulimwita Ako, kama Wairaqw wanavyowaita babu zao. Ndani ya mfuniko wake mna mfuko wa kuhifadhia santuri, na katika mfuko huo mna santuri moja tu. Zamani zilikuwapo 23. Nyingine zote nilizivunja na kuzichoma kwa mikono yangu mwaka 1997, nikiwa kijana wa miaka 16 niliyeokoka mwezi mmoja kabla.

Nilipoombwa kuandika kwa ajili ya kitabu hiki, nilifikiri kwanza kuandika juu ya historia ya misioni katika Mbulu na Hanang, kwa miaka na majina, kama tulivyofundishwa chuoni. Lakini kila nilipokaa kuandika, macho yangu yalikwenda juu ya kabati. Basi nitasimulia historia hiyo kwa njia ya santuri, maana wazee wetu wengi hawakuipata imani kwa kusoma. Waliipata kwa kusikia, kama Mtume Paulo alivyowaeleza Warumi.

Sauti zinasafiri

Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alitengeneza mashine ya kwanza iliyoweza kunasa sauti ya mtu na kuirudisha. Miaka kumi baadaye Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, akabuni sahani bapa, ile tunayoiita santuri. Kabla ya hapo, tangu kuumbwa kwa dunia, sauti ya mtu ilikwisha pale pale alipofunga mdomo. Wafu waliacha maneno yao kwa kuandikwa au kukumbukwa, si kwa sauti yenyewe.

Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili, mlango ulifunguliwa mwaka 1928. Mwaka huo Siti binti Saad wa Zanzibar, mwanamke aliyezaliwa katika ufukara, alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za taarabu. Santuri zake zilirudi pwani na kuuzwa kwa wingi. Watu ambao hawakuwahi kufika Unguja waliisikia sauti ya mwanamke wa Unguja. Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi ya kurekodi ilikua hapa karibu, Nairobi, na wanamuziki wa Tanganyika wakawa wanakwenda huko. Miongoni mwao alikuwako Frank Humplick wa Moshi pamoja na dada zake Thecla na Maria, ambao katika miaka ya 1950 walirekodi nyimbo za Kiswahili kwa gitaa na sauti tatu zilizopatana vizuri.

Ako alikuwa kijana wakati huo. Alifanya kazi katika shamba la kahawa la mzungu huko Oldeani, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Alikusanya mshahara kwa muda mrefu, akapanda lori hadi Arusha, akarudi na gramafoni badala ya ng'ombe. Baba yake, kwa masimulizi ya bibi, alikaa siku tatu bila kusema naye. Ng'ombe huzaa, alisema yule mzee, lakini sanduku hili litazaa nini?

Santuri za wakati huo zilikuwa nzito na zilivunjika upesi kama chungu. Zilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na kila upande ulichukua dakika tatu hivi. Sindano ilikuwa ya chuma, ikilika haraka, na ilipaswa kubadilishwa mara kwa mara. Ako alizihifadhi sindano zake katika kikopo cha dawa ya mafua, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa. Hakukuwa na umeme Dongobesh, wala hapakuhitajika. Ulizungusha mkono wa gramafoni mpaka springi ikakaza, ukashusha sindano, ukasikia kwanza mkwaruzo kama mafuta yanayokaangwa, kisha mtu akaanza kuimba.

Nakumbuka mkwaruzo huo kuliko nyimbo zenyewe. Katika miaka ya 1980, jioni baada ya ng'ombe kuingia zizini, Ako aliweka gramafoni juu ya kigoda nje ya nyumba. Bibi alikuwa akichambua maharage. Santuri ya Frank Humplick na dada zake ilipofika mahali fulani, bibi alikuwa akiongeza sauti yake ya nne, polepole, bila kuinua kichwa. Hakujua kusoma, wala Kiswahili chake hakikuwa kingi, lakini alijua pa kuingia.

Injili katika sahani ndogo

Sasa niwasimulie juu ya santuri za namna nyingine, ambazo wengi wenu hamjazisikia.

Katika miaka ya 1930 mmisionari mmoja mwanamke, Joy Ridderhof wa Marekani, alikuwa akifanya kazi Honduras. Malaria ikamrudisha kwao. Akiwa kitandani Los Angeles alifikiri juu ya watu aliowaacha milimani, wasiojua kusoma na wasio na mhubiri. Akakumbuka kwamba katika vijiji vile alisikia gramafoni zikipiga nyimbo za kila aina. Kama santuri inaweza kuimba hivyo, kwa nini isihubiri? Akaanza kwa santuri ya Kihispania, na mwaka 1939 likaanzishwa shirika lililoitwa Gospel Recordings.

Njia yao ilikuwa rahisi na ya busara. Walimtafuta mtu wa kabila husika, hata kama hakujua kusoma. Mkalimani alimsomea sentensi moja, naye akairudia kwa lugha yake mwenyewe, sentensi baada ya sentensi, mpaka ujumbe ukakamilika. Hivyo sauti iliyosikika haikuwa ya mgeni anayejitahidi. Ilikuwa sauti ya mwenyeji. Santuri zao nyingi zilikuwa ndogo, za plastiki isiyovunjika kwa urahisi, ili zistahimili safari za punda na baiskeli. Baadaye wakatengeneza hata gramafoni ya kadibodi iliyokunjwa, isiyo na springi wala betri. Uliizungusha sahani kwa kijiti au kwa kidole, na karatasi ile ikasema.

Fikirini maana ya jambo hilo kwa nchi yetu. Mbulu na Hanang, pamoja na majirani zetu, ni mahali pa ajabu kwa lugha. Wairaqw tunasema lugha ya Kikushi. Wadatooga, ambao wengi wao ni Wabarbaig wa Hanang, wanasema lugha ya Kiniloti. Wahadzabe wa Yaeda Chini wana lugha yao ya kudodosha ulimi, isiyo na ndugu wa karibu. Na wapo Wabantu kama Wanyiramba na Wambugwe. Mhubiri wa Kiswahili aliposimama mnadani miaka ile, wanawake na wazee wengi walisikia kelele tu. Shirika lile limerekodi kwa maelfu ya lugha, na Kiiraqw na Kidatooga zimo.

Miaka ya mawimbi

Kazi ya Kilutheri katika eneo letu ilikuwa ikikua katika miaka hiyo hiyo. Wamisionari wa Norwei walijenga hospitali Haydom, ambayo ilifunguliwa mwaka 1955. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa Kanisa moja, KKKT. Na mwaka huo huo, mwezi wa Februari, Radio Voice of the Gospel ilizinduliwa Addis Ababa, chini ya Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu. Vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi, katika studio ya Sauti ya Injili. Kanda zilisafirishwa kwa ndege mpaka Ethiopia, kisha zikarushwa hewani na kurudi kwetu kwa masafa mafupi. Neno lililosemwa Moshi, safari ya siku moja kutoka Dongobesh, lilipitia kwanza Addis Ababa ndipo lifike sikioni mwa mkulima wa Mbulu.

Katika miaka hiyo pia, Makumira, mwalimu Mmarekani aliyeitwa Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake wa theolojia waandike nyimbo kwa mahadhi ya makabila yao, si kutafsiri tu zile za Ulaya. Kutokana na kazi hiyo kilitoka kitabu cha Tumshangilie Mungu mwaka 1968. Mwanafunzi mmoja, Bernard Kyamanywa, aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya. Wimbo huo ulivuka bahari, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani. Wajukuu wa waliotuletea nyimbo wanaimba wimbo wetu kila Pasaka.

Kisha ukaja mwaka 1977. Tarehe 4 Februari mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika. Santuri nyingi za muziki wetu zilikuwa zikitengenezwa Nairobi, hivyo njia yake ya kawaida ikakatika. Wiki tano baadaye, tarehe 12 Machi, serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikaitaifisha ile redio ya Addis Ababa. Katika muda wa siku arobaini hivi, njia mbili za sauti zilizofika mpaka kwetu zilizibwa. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini kufikia wakati huo watu walikuwa wamehamia kwenye kaseti. Sisi watoto wa miaka hiyo tulikua tukirudisha kanda kwa kalamu ya bic ili tusimalize betri, na tukianika betri juani ili ziseme siku mbili zaidi. Gramafoni za babu zetu zikawa vitu vya kale.

Siku niliyobeba jiwe

Mwaka 1997 nilikuwa sekondari. Wakati wa likizo ulifanyika mkutano wa Injili karibu na kwetu. Nilikwenda kwa kufuata vijana wenzangu, nikarudi nimempokea Yesu kwa machozi. Jambo hilo sijawahi kulijutia hata siku moja. Mhubiri alitufundisha kwamba aliyeokoka huondoa nyumbani kwake vitu vya dunia. Wengine walileta hirizi, wengine sigara. Mimi sikuwa na kitu, ila nilijua nyumba yenye santuri za dansi.

Nilikwenda na rafiki zangu wawili. Ako alikuwa amekaa nje, akiwa na fimbo yake magotini. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mzee wa Kanisa kwa miaka mingi. Nilimwamkia, nikamweleza nilichokuja kufanya. Nilimwambia kwa adabu, lakini nilikuwa na uhakika wote wa miaka 16.

Akaniuliza swali moja: "Mjukuu wangu, umezisikiliza zote?"

Nikasema, "Ako, sina haja ya kuzisikiliza. Nyimbo za dunia ni za dunia."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema sanduku liko chini ya kitanda.

Tulizitoa nje. Zile nzito tulizigonga kwenye jiwe la kunolea panga, zikapasuka vigae. Zile ndogo za plastiki zilikataa kuvunjika. Tulizikunja, zikarudi. Basi tukawasha moto wa mabua, tukazitupa humo, zikatoa moshi mweusi wenye harufu mbaya uliofika mpaka kwa jirani. Tuliimba pambio tukizunguka moto. Bibi aliingia ndani na kufunga mlango. Ako alikaa pale pale mpaka moto ulipozimika.

Gramafoni yenyewe hatukuivunja, kwa sababu rafiki yangu alisema chombo hakina dhambi. Hatukujua kwamba katika mfuko wa mfuniko ilibaki santuri moja.

Nilichoambiwa kwenye msiba

Ako alifariki mwaka 2005, nikiwa nasoma theolojia Makumira. Nilisafiri kwa basi usiku kucha. Siku ya mazishi, baada ya wasifu kusomwa, alisimama mwinjilisti mstaafu ambaye miguu yake ilikuwa haimbebi tena vizuri, akaomba aongeze neno.

Akasimulia kwamba katika miaka ya 1960 alikuwa akizunguka minadani na gramafoni ndogo na santuri tatu za Kiiraqw. Siku ya mnada wa Dongobesh alizipiga chini ya mti. Watu wengi walicheka, wakazunguka nyuma ya sanduku kumtafuta mtu aliyejificha. Kijana mmoja hakucheka. Aliomba upande ule ule urudiwe mara tano. Jioni watu walipoondoka, kijana yule alikuwa bado amechutama hapo. Akasema, "Mtu huyu anasema kama mama yangu." Huyo alikuwa Ako. Alibatizwa mwaka uliofuata, na bibi akafuata baadaye. Yule mwinjilisti alipohamishiwa mtaa mwingine alimwachia santuri zile tatu, akamwambia azitunze.

"Bila shaka bado ziko nyumbani," mwinjilisti akasema mbele ya waombolezaji wote. "Ziwekwe vizuri. Ndizo zilizoanzisha usharika huu."

Nilikuwa nimevaa kanzu ya chuo. Nilitazama chini. Zilikuwa ndogo, za plastiki, na karatasi zake za katikati ziliandikwa kwa Kiingereza na namba. Ndizo zilizokataa kuvunjika. Nilichoma Injili nikiimba pambio, na santuri iliyosalia ni ya Frank Humplick.

Usiku ule nilimweleza bibi. Nilimuuliza kwa nini Ako hakunizuia, kwa nini hakunena neno moja tu, nami ningeelewa. Bibi akasema Ako alimkataza yeye pia asiseme. Alimwambia, "Mtoto amempenda Mungu juzi tu. Nikimwaibisha leo mbele ya wenzake, anaweza kumwacha. Akikua atauliza."

Sikuuliza kwa miaka minane. Nilipouliza, hakuwapo wa kujibu.

Dunia ni ipi?

Sisemi kwamba nyimbo zote ni njema. Mimi ni mchungaji, na ninazijua nyimbo zinazotukana wanawake na kufundisha vijana wetu ulevi. Lazima tuchague. Lakini historia inatufundisha kwamba mpaka kati ya wimbo wa Kanisa na wimbo wa dunia umesogezwa mara nyingi, na mara nyingi umewekwa na watu ambao hawakusikiliza kwanza.

Baba yetu Martin Luther alipotaka wimbo wa Krismasi kwa ajili ya watoto, mwaka 1535 ulichapishwa ukiwa na mahadhi ya wimbo wa mtaani, wa vitendawili, uliojulikana na watu. Miaka minne baadaye ukatolewa na mahadhi mapya, ambayo ndiyo tunayoyajua leo. Alichukua, akapima, akabadilisha. Hakuanza na moto.

Wala si Kanisa peke yake linalokosea hapa. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unaharibu vijana wa taifa. Ndugu zetu wa Uamsho, ulioanza Gahini huko Rwanda na kuenea Afrika Mashariki yote, waliacha ngoma na vyombo vya kale kwa nia safi kabisa, na wengi walipata uhuru wa kweli kutoka katika mambo yaliyowafunga. Lakini wajukuu wao leo wanapiga ngoma mbele ya madhabahu, na tunasema ni sifa.

Kwetu Wairaqw ipo slufay. Mzee anayejua maneno husimama mbele ya watu, akaomba baraka, amani, mvua na uzao, na watu wote huitikia kwa pamoja. Wako wachungaji walioikataa kabisa. Wako pia wazee wa Kanisa ambao, nikiwasikia wakiongoza maombi ya shukrani ya mavuno, nasikia mwendo ule ule wa slufay, sauti ikipanda na watu wakiitikia, ila sasa anayetajwa ni Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo. Nadhani hata wao hawajui kwamba wanafanya hivyo. Nami siwaambii, nisije nikawaharibia.

Karatasi iliyosema

Baada ya kubarikiwa nilipangiwa kazi Hanang, upande wa Basotu, kati ya mashamba makubwa ya ngano na ndugu zetu Wabarbaig. Siku moja nilimtembelea mzee aliyekuwa mgonjwa. Nilimweleza habari ya Ako, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuibeba peke yangu. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema yeye pia, akiwa moran, aliwahi kuona karatasi iliyokunjwa ikisema Kidatooga. Yeye na wenzake waliizungusha kwa kijiti siku nzima, wakiiharakisha mpaka msemaji akawa na sauti ya ndege, kisha wakaipunguza mpaka akawa na sauti ya fahali.

"Tulicheka sana," akasema. "Lakini usiku nilipolala, maneno yalikuja bila kicheko."

Nikamuuliza kama aliamini siku ile. Akasema hapana, ilichukua miaka zaidi ya 20. Lakini alipokuja kusikia tena, alijua kwamba amekwisha kuisikia habari hii, na kwamba iliambiwa kwake kwa lugha ya nyumbani. Kisha akanitazama na kusema, "Basi usilie sana kwa ajili ya santuri za babu yako. Ulichoma sahani. Maneno alikuwa ameshayameza."

Mzee yule alinipa msamaha ambao Ako hakupata nafasi ya kunitamkia. Nimewahubiria watu msamaha mara nyingi sana, lakini siku ile niliketi kwenye kigoda cha mgonjwa nikaupokea.

Kabla havijapotea

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang na kufunika sehemu za Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Mungu awape pumziko, na awafariji waliobaki. Nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kusaidia. Baada ya siku kadhaa, wakati watu walipokuwa wakichimbua vitu vyao, nilimkuta mama mmoja akiosha kanda za kaseti katika beseni, moja moja, kwa kitambaa. Zilikuwa za kwaya aliyoimba marehemu mumewe. Nilimwambia kwa upole kwamba hazitapiga tena. Akanijibu, "Najua, mchungaji. Lakini siwezi kuziacha zikiwa na tope."

Nilimsaidia kuziosha. Hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Ndugu zangu, katika nyumba zetu za Mbulu na Hanang ziko sauti. Ziko kanda za kwaya za miaka ya 1980 na 1990, za mahubiri ya wachungaji waliokwisha kulala, za harusi na ubarikio. Labda iko hata santuri chini ya kitanda cha bibi fulani. Lakini sauti nyingi zaidi zimo ndani ya wazee wenyewe, katika nyimbo ambazo hazimo katika Tumwabudu Mungu Wetu wala katika kitabu chochote. Kila msiba unaondoka na baadhi.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, kila kwaya na kila umoja wa vijana wachague mzee mmoja mwezi huu, wamtembelee, wamwombe aimbe, na wanase sauti yake kwa simu. Siku hizi kila kijana ana simu, na simu hiyo inaweza kufanya kazi ambayo Joy Ridderhof aliifanya kwa mizigo ya mashine. Andikeni jina la mzee, kijiji, tarehe, na lugha. Nakala moja ibaki ofisi ya usharika na nyingine ikae mahali pengine, maana moto na tope havipigi hodi.

Pili, vijana wangu mliookoka karibuni, nawapenda na bidii yenu naijua, kwa kuwa niliibeba. Mkikuta jambo katika nyumba ya wazee wenu ambalo linawatia shaka, msianze na jiwe. Ketini kwanza. Ulizeni ni nini, lilitoka wapi, na lina maana gani kwao. Kama baada ya kusikiliza mnaona ni baya, semeni kwa upendo. Ako aliniuliza kama nimezisikiliza zote, na kwa miaka 28 sasa swali hilo limekuwa likinifuata katika vikao vya baraza la wazee, katika kesi za ndoa, na katika maandalio ya mahubiri.

Mara moja kwa mwaka, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, ninaishusha gramafoni. Watoto wangu wanapokezana kuizungusha. Santuri ina ufa mdogo pembeni, na sindano inaruka kila mzunguko kwa sekunde chache za mwanzo. Frank Humplick na dada zake wanaimba. Ikifika mahali pale, binti yangu mdogo anaingia kwa sauti ya nne. Hakumkuta bibi yangu akiwa hai. Aliifundishwa na mama yangu, ambaye aliipata akichambua maharage pembeni ya mama mkwe wake, jioni, ng'ombe wakiwa wamekwisha kuingia zizini.